Ngome ya Mpishi wa Meli

Mpishi hakuwa akisema neno mkutanoni bila mwiko. Sizungumzii mwiko wa mfano. Ulikuwa mwiko wenyewe, wa mti, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ule aliosongea ugali wa mabaharia enzi zile meli ya ziwani ikitoka bandari ya Itungi kwenda kusini. Alipotaka kuchangia aliuinua juu. Aliponyimwa nafasi aliugonga mezani mpaka chai ikamwagika. Na alipokuwa amekosea, jambo lililotokea mara nyingi kuliko alivyokuwa tayari kukubali, aliutazama kwa jicho la lawama kana kwamba mwiko ndio uliosema.

Jina analo, tena zuri, lakini katika usharika wetu wa ufukweni halikutumika. Tulimwita Mpishi, au Mama Mpishi. Watoto walimwita Bibi Mpishi. Hata Mchungaji alipomwombea mimbarani alisema "mtumishi wako Mpishi," na sidhani kama Mungu alipata shida kujua ni nani. Mimi aliniita Katibu kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi na yeye mwenyekiti. Kazi yangu hasa ni ufundi wa baiskeli pale njia panda ya Itungi, lakini Mpishi hakuihesabu baiskeli kuwa kazi. Kwake kazi ilikuwa kupika na kujenga kanisa, na mara nyingi hakutofautisha.

Huwezi kumweleza mtu huyu bila kulieleza kanisa la Meksiko, kwa hiyo nilitoe njiani mapema kabla sijaanza kucheka.

Siku moja, akiwa bado melini, meli ilikwama kwenye mchanga karibu na mdomo wa mto, mahali ambapo ilizoea kukwama hadi abiria wakaacha kulalamika. Humo ndani mlikuwa na padri mmoja mfupi kutoka Meksiko, anaelekea Mbamba Bay. Wenzake walikaa juu wakitazama milima. Yeye alifuata harufu ya pilipili akajikuta jikoni. Alitafuna pilipili mbichi za Mpishi huku machozi yanamtiririka kwa raha, akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha kwamba hajala chakula cha watu tangu aondoke kwao. Kuanzia hapo hakutoka tena. Waligombana kuhusu mahindi, maana padri alidai mahindi asili yake ni kwao, na Mpishi akamwambia aache kuwatukana wazee wa watu. Walipopatana, padri alimwaga unga mezani, akausambaza kwa kiganja, akachora kwa kidole kanisa la kijiji alikozaliwa.

Kanisa gani hilo! Mpishi alipolisimulia alisimama, hata kama alikuwa anachambua dagaa. Lilijengwa na watawa wa Kihispania walioingia nchi ile nyuma ya askari wao. Watawa wenyewe walikuwa wachache na wenyeji hawahesabiki, basi wakajenga kanisa lenye sura ya ngome. Kuta nene za mawe. Nje ya kuta, nguzo pana zimeegemea ukuta kama wazee waliochoka. Madirisha madogo, tena juu kabisa, pasipofikika kwa ngazi. Na kwenye paa, badala ya msalaba peke yake, ukutani kumepangwa meno, jino na pengo, jino na pengo, mahali pa askari kujificha akipiga bunduki. Mbele yake kuna ua mkubwa wenye ukuta wake, na pembeni altare ya nje, iliyoinuliwa juu ya jukwaa, kwa sababu wenyeji walikuwa wengi na hawakuzoea kusali chini ya paa.

"Mawe waliyatoa wapi?" aliuliza kila mara, mwiko juu. Sisi tulijua jibu lakini tulinyamaza, maana kumjibu ni kumnyima utamu. "Walibomoa mahekalu ya wenyeji! Halafu nani akajenga? Wenyeji haohao! Umeona wapi mtu anajengeshwa ngome ya kumzuia yeye mwenyewe?"

Hapo alicheka mpaka akakaa. Kisha aliinuka, kwa sababu palikuwa na kipande alichokipenda kuliko vyote. Padri alimwambia kwamba wachongaji wale, walipoamriwa kuchonga malaika na mizabibu mlangoni, walichomeka humohumo maua ya kwao, na mahindi, na chui. Watawa wakapita chini yake kila asubuhi na vitabu vyao vya sala. "Amri ilikuwa ya Mhispania," alisema Mpishi, "lakini yule chui ni wa kwetu." Sijui lini alihamia Meksiko, ila kwenye sehemu hiyo alisema "kwetu" bila kusita.

Unene wa kuta ulitegemea alivyoamka. Akiwa na furaha, mkokoteni mmoja ungepita juu ya ukuta. Siku amekasirishwa na kamati, ilipita mikokoteni miwili ikipishana, na ng'ombe wakasimama kusalimiana. Kuhusu ile ngome kwamba ilikuwa ya kumwogopa nani, padri mwenyewe alimwambia wasomi wao hawajakubaliana. Wengine wanasema watawa waliogopa uasi, wengine wanasema yale meno yalikuwa pambo tu, kuonyesha ukuu wa Mungu. Mpishi alishika yote mawili kwa nguvu sawa, kutegemea anabishana na nani.

Tatizo lilikuwa moja. Ule mchoro wa unga hakuna mwingine aliyeuona, na meli ilipochomoka mchangani, Mpishi aliukusanya unga wake akausonga ugali wa mchana.

"Kwa hiyo ushahidi ulishaliwa," alisema mzee mmoja wa kanisa, na tangu siku hiyo wabaya wake waliliita Kanisa la Unga. Hata mimi, niliyempenda, nilikuwa na wasiwasi wangu. Nilidhani padri alikuwepo, pilipili zilikuwepo, mengine yalikolezwa jikoni.

Lingebaki hadithi tu kama si maji. Pale kwetu mto na ziwa wakikutana Aprili huwa hawaombi njia. Kanisa letu la kwanza, la miti na udongo, lilikwenda na maji. La pili, la matofali membamba na bati, lilibaki ukuta mmoja, na juu ya huo ukuta amekaa kuku. Mkuu wa Jimbo alikuja, akamtazama yule kuku, akatazama ziwa, akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua: jengeni la tatu, na litakuwa la mwisho. Likivuka masika moja, usharika unabaki. Maji yakilibeba na hilo, usharika unafungwa, tutaunganishwa na wenzetu wa Ipyana, na kengele yetu iende huko.

Hiyo kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, tunaigonga kwa bolti. Lakini ilikuwa yetu, na sauti yake ilijulikana mpaka kwa wafinyanzi wa Ikombe walipopita na mitumbwi ya vyungu. Kina mama walianza kulia. Wazazi wetu walizikwa pale. Kutoka pale mpaka Ipyana bibi mwenye magoti mabovu hafiki, na Jumapili ya mvua hata mwenye magoti mazima hafiki. Tulijua kufungwa kwa usharika maana yake ni nini: wazee watakufa hawajaingia kanisani tena.

Ndipo mwiko uliposimama nyuma ya kanisa, yaani nyuma ya kuku.

"Baba Mkuu," alisema Mpishi, "mimi ninalijua kanisa lisiloanguka. Nipeni kamati. Likianguka, hiyo kengele nitaibeba mimi mwenyewe kichwani mpaka Ipyana, na huko nitakaa kiti cha nyuma na sitasema neno."

Watu walicheka kwenye hilo la kukaa kimya. Ahadi ya rimu waliiamini, hiyo nyingine hapana. Uenyekiti akapata.

Sasa niwaeleze jinsi mpishi anavyojenga. Msingi alisema "uchemke" kwanza, akimaanisha ukae. Saruji aliipima kwa macho na kuionja kwa kidole, kidole kikavu lakini, tulimshukuru Mungu. Fundi mwashi, mtu mpole wa Busale, alifika na kamba na timazi na akili zake timamu. Ukuta ulipofika linta, juu ya madirisha, alikuwa anaongea peke yake. Kuta tulizijenga kwa namna ya padri: matofali ya kuchoma ngozi ya nje, matofali ngozi ya ndani, na katikati udongo tulioushindilia kwa miguu tukiimba. Hapo kwaya ilipata faida, maana waimbaji wetu wa besi walikuwa wazito.

Kisha ukaja mlenda. Padri alimwambia kwamba kwao walichanganya chokaa na utomvu wa mpungate, ule mmea wa miiba, ili ishike. Mpungate kwetu haupo wa kutosha, basi Mpishi alitafakari kitu gani kingine kinateleza na kunata, akajijibu. Asubuhi moja fundi alikuta masufuria matatu ya mlenda yanafuka moshi kwenye eneo la ujenzi.

"Mama," alisema fundi, "mimi sijengi kwa mboga."

"Umewahi kujaribu?"

"Sijawahi."

"Basi unakataaje kitu usichokijua, gwe? Wewe ni fundi au ni shahidi?"

Walikubaliana kona moja, ile ya upande wa ziwa. Fundi alijenga kwa mlenda huku amegeuza uso. Kona ilishika, sitaki kudanganya, lakini nyingine tatu zisizo na mlenda nazo zilishika vilevile. Tofauti ni kwamba Mpishi, kwa mazoea ya mkono, ule mlenda aliutia chumvi. Mpaka leo mbuzi wa kijiji kizima hukusanyika pale kulamba kanisa. Mchungaji akihubiri juu ya kondoo, mbuzi wanasikika nje wakikubaliana.

Kulikuwa na waliomwandama kwa mambo ya dini. "Unatujengea kanisa la Kikatoliki," walisema. Akawajibu kwamba ukuta hauna dhehebu, na kama wanaona una dhehebu, waulize mvua. Kuhusu meno ya juu kamati ilikuwa ngumu, akaambulia matatu upande wa mbele, na moja likavunjwa na nazi ya jirani. Watoto wakasema kanisa letu lina pengo. Alilipenda hilo neno, akalitumia kwenye matangazo. Altare ya nje nayo aliipata, juu ya jukwaa lake uani, ingawa wengi waliuliza ni ya nini.

Lakini usidhani mtu wa ngome alikuwa mtu wa kujifungia. Nyumba yake haikuwa na mlango. Ilikuwa na fremu ya mlango, na kwenye fremu kitenge, na kitenge chenyewe muda mwingi kilikuwa kimefungwa kando ili harufu ya wali itoke iwaite watu. Alifanya kazi majini miaka yote ile na hakujua kuogelea. Wala si kuogelea tu, hata dimbwi aliliogopa. Baada ya mvua alisimama ukingoni mwa dimbwi la barabarani na kungoja mtu apite na baiskeli ambebe, na mara nyingi huyo mtu nilikuwa mimi, na katika hilo pekee baiskeli zilihesabika.

"Melini nilikuwa juu ya maji," alinieleza. "Juu, Katibu. Sikuwahi kukubaliana nayo mambo ya ndani."

Alichukia uharibifu. Angekufuata njiani kwa sababu ya punje ulizoangusha. Ila wali ukishika moshi kidogo, sufuria nzima ilikwenda kwa kuku, na wale kuku wa Mpishi walinona kwa ajili ya ukamilifu wake. Alisamehe matusi siku hiyohiyo, lakini aliyesema mchele wa kwingine unanukia kama wa Kyela hakualikwa tena.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa matundu. Alitaka kuta zote ziwe na matundu ya bunduki, membamba, usawa wa juu kidogo ya goti.

"Mama Mpishi," Mchungaji aliuliza kwa unyenyekevu, "tutampiga risasi nani?"

"Sijui. Ngome haichagui."

"Na mbona chini hivyo?"

"Askari anapiga goti."

"Basi afadhali," alisema Mchungaji, "kuna watakaopiga goti humu kwa sababu fulani."

Fundi aliyaacha matundu kama alivyoagizwa. Lakini Mpishi alipokwenda Busale kwenye msiba, kamati ilikutana haraka, ikasema nyoka wataingia, ikaagiza yazibwe. Kila tundu likawekewa tofali kwa nje na tofali kwa ndani, katikati pakabaki wazi, likapigwa plasta, kisha chokaa juu. Aliporudi hata fundi mwenyewe hakuweza kuonyesha yalikuwa wapi. Mpishi hakugombana. Aliendelea kutupikia chakula cha mchana kama kawaida, kila siku, hakitiwi chumvi hata chembe, mpaka kanisa likaezekwa. Mbuzi wakawa wanakula vizuri kuliko kamati.

Kizingiti cha mlango alikipata bila ubishi. Kila mtu aliona faida yake: tulikiinua mpaka kiunoni, unapanda ngazi kwa nje na kushuka ngazi kwa ndani, ili maji yagonge ukuta na kurudi yalikotoka. Bibi harusi wa kwanza alipandishwa kama gunia la mpunga, lakini tulijisifu sana. Tulimzuia Aprili mlangoni.

Aprili akaja.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku kadhaa na Jumamosi asubuhi mito ikashuka yote pamoja. Tulikimbilia mwinuko wa shule na kutazama. Maji yalifika kwenye kuta, yakazunguka, yakasukuma. Kanisa halikutikisika. Tulipiga vigelegele. Mpishi alikuwa juu ya mabega ya watu wawili kwa sababu chini palikuwa na unyevu, anauelekeza mwiko ziwani na kulitukana kwa Kinyakyusa safi. Kisha, kidogo tu, maji yalipanda juu ya kizingiti yakaingia ndani. Tukasema si kitu, yatatoka.

Jumapili alfajiri mafuriko yalipungua. Nje yalibaki ya kufika muundini. Kanisa lilisimama, jeupe, na pengo lake. Tulikwenda tumevaa nguo za ibada, tunaimba, maana ndiyo siku Mkuu wa Jimbo aliyosema atakuja kuona. Nilipanda ngazi nikachungulia ndani.

Ziwa lilikuwa limo humo. Maji mpaka kiunoni, yametulia, viti vinaelea, na kambale mmoja anakata kona taratibu karibu na mimbari kama mzee wa kanisa anayekagua sadaka. Tulikuwa tumejenga kitu kisichopitisha maji, na maji sasa yalikuwa hayapiti kutoka.

Nilicheka. Wote tulicheka, mpaka fundi alipoweka kiganja ukutani kwa nje na kukitoa kimelowa.

"Msicheke," alisema. "Katikati humu ni udongo. Ukilowa mpaka moyoni, ukuta unatumbuka. Nawapa saa chache, si zaidi."

Kicheko kilikatika. Kanisa ambalo mafuriko yalishindwa kulibomoa lilikuwa linataka kuanguka kwa sababu ya uimara wake, na Mkuu alikuwa njiani. Tulipanga mstari, kwaya ikashika ndoo, kina mama sufuria, na vyungu vya Ikombe vikapitishwa mkono kwa mkono juu ya kizingiti. Tulichota kanisa kama watu wanavyochota maji ya mtumbwi. Tuliimba, tukachota, tukatazama, na maji yalikuwa palepale. Mzee yule wa ushahidi ulioliwa alianza kulia waziwazi. Mkewe na dada zake walikuwa wamezikwa nyuma ya ile kona ya mlenda.

"Matundu," alisema Mpishi.

Alikuwa amesimama kwenye jukwaa la altare ya nje, pakavu. Tulimtazama. Fundi akasema kwa aibu kwamba haoni yalipo, plasta imefunika, na akianza kuvunja ovyo ukuta wenyewe utafuata.

Mpishi alitazama yale maji ya kahawia chini ya jukwaa. Nilipeleka mgongo wangu ili nimbebe. Aliusukuma kando na mwiko. Akakunja kitenge, akafumba macho, akamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala," akashuka. Maji yalimfika muundini, akapiga ukelele uliowatoa ndege kwenye migomba. Lakini alikwenda. Alifika ukutani, akainama, akaanza kugonga kwa mwiko kama mtu anayepima chungu sokoni kabla ya kununua. Ko, ko, ko. Ukuta ulijibu kwa sauti nzito. Ko, ko. Tuliweka ndoo chini ili tusikie. Ko, ko, kisha sauti ikawa nyepesi, ya uwazi.

"Hapa!" alisema Mpishi. "Hapa pana njaa. Pigeni."

Fundi alivunja tofali la nje kwa nyundo, akapeleka mtaimbo ndani, akapiga. Maji yalichomoka ukutani yakamwangusha chali, na nyuma ya maji akafuata yule kambale, akampiga kifuani. Kelele iliyolipuka hapo nadhani ilisikika Malawi. Mpishi alikwishaondoka zamani, anagonga mbele huko, "Na hapa! Na hapa, gwe, amka!" na fundi anamfuata kwa magoti, na kila alipopiga kanisa lilitema. Kuta pande zote zikawa zinamwaga, watoto wanaoga, mabesi wanakimbiza samaki kwa makoti, Mchungaji anaimba zaburi na kucheka katikati ya mstari. Na Mpishi analizunguka kanisa ndani ya maji, mtu wa kuogopa dimbwi, analia na kupiga vigelegele kwa pumzi ileile.

Mkuu wa Jimbo alifika katikati ya hayo, juu ya pawatila, lile trekta dogo la mashambani, amekunja suruali. Aliomba mashine izimwe. Alitazama ukuta mmoja baada ya mwingine.

"Hili ni kanisa," aliuliza, "au ni chujio?"

"Ni ngome, Baba Mkuu," alisema Mpishi, anatweta. "Tumeifundisha kutema."

Yaliyobaki chini ya usawa wa matundu tuliyachota kwa ndoo. Ibada ilifanyika altare ya nje, ile ambayo wengi walisema ni ya nini, Mkuu akahubiri peku, na baadaye alikula kambale wa kanisani kwa pilipili nyingi mpaka machozi yakamtoka. Aliposimama kuaga, watu walisogea karibu na ile kengele. Akashika ile bolti, akaigonga rimu mara moja kwa nguvu, akasema, "Ibaki hapa."

Basi ikabaki. Masika nyingi zimepita. Aprili akija tunatoa vizibo vya mbao kwenye matundu, maji yanaingia, yanasalimia, yanatoka.

Magoti ya Mpishi ndiyo hayakubaki. Alihamia Busale kwa binti yake, na sisi tukaendelea kumsimulia kanisani kana kwamba yuko chooni na atarudi sasa hivi. Mwaka jana nilinunua simu ya tachi, na jioni moja, kwa uchovu tu, niliandika humo maneno ya ngome na kanisa na Meksiko. Nilichokiona kilinifanya nifunge karakana mchana wa kesho yake nikapanda baiskeli.

Nilimkuta barazani, amekuwa mdogo, anachambua mchele. Mwiko uko mapajani.

"Ndaga, mama. Umeamkaje?"

"Ndaga, Katibu. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Kona bado tamu."

Nilimwekea simu mbele ya macho. Kuta nene. Nguzo pana zimeegemea. Madirisha madogo, juu. Meno, jino na pengo. Ua, na pembeni altare ya nje. Nilipangusa polepole, moja baada ya jingine. Mlango wa mawe, malaika, mizabibu, na katikati ya mizabibu mahindi. Nilifurahi kuliko yeye, mimi niliyemtilia shaka. Yeye alitikisa kichwa tu kama mpishi anayeonja kitu kilichoiva kwa wakati wake.

"Ndiyo lenyewe," alisema. "Ila padri alilichora zuri zaidi."

Ya mwisho nilisita kumwonyesha. Ilikuwa kanisa jingine la Wahispania, la hukohuko Meksiko, la zamani vilevile, kuta nene vilevile, liko katikati ya bwawa. Watu walizuia mto, maji yakalimeza, na huonekana wakati wa ukame tu. Pichani maji yamejaa ndani ya kuta, na mvuvi anapita mlangoni na mtumbwi wake.

Mpishi aliichukua simu mkononi. Aliisogeza karibu na macho, nikaogopa kwamba nimemvunja moyo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kilekile cha zamani, mchele ukamwagika, binti yake akatoka ndani kuuliza nani amekufa.

"Lao nalo limejaa!" alisema, anajifuta machozi. "Lao nalo, Katibu! Wala hawakuacha matundu!"

Akaiweka simu juu ya magoti. Akauchukua mwiko, akainama karibu, sikio moja chini, akakigonga kioo cha simu taratibu kwa ncha, chini ya ukuta ule wa mawe, juu kidogo ya maji. Ko, ko. Akasogea. Ko, ko. Akatulia, anasikiliza.

"Hapa," akaniambia. "Waambie wapige hapa."